Okwakol wa Njia Nne

Mume wangu ni mtu mpole mpaka mtu asifu kompyuta. Mwambie barabara imeharibika, atasema itatengenezwa. Mwambie viwavi wamemaliza mahindi, atasema Mungu yupo. Lakini thubutu kusema mbele yake kwamba siku hizi muziki unarekodiwa vizuri kuliko zamani, na chai yako itapoa mkononi. Hotuba yake naijua kama Salamu Maria. Inaanza na "Nyinyi vijana," hata kama anayeambiwa ana mvi kichwa kizima.

Anaitwa Okwakol, na hapa Malaba wazee wenzake bado wanamwita Njia Nne. Jina hilo alilipata kwa mashine yake ya kurekodi, ambayo aliinunua kwa mpiga gitaa mmoja wa Jinja aliyechoka na muziki akaamua kufuga nguruwe. Redio ya kaseti ya kawaida inameza kila kitu kwa mkupuo mmoja: mwimbaji, ngoma, jogoo wa jirani. Ile mashine iligawa utepe wa kaseti kama barabara ya njia nne. Njia moja unamwekea mwimbaji, nyingine ala, nyingine waitikiaji, nyingine ngoma, kisha zote zinacheza pamoja. Zikijaa, basi, hakuna ya tano. Na ukikosea hukati kipande, unarudia njia nzima kutoka mwanzo, na kila ukirudia utepe unachoka kidogo.

Sasa fikiria kazi hiyo hapa mpakani, malori yamepanga foleni hadi nje ya mji, yanapumua breki na kupiga honi. Chumba chake kilikuwa nyuma ya hoteli ya madereva. Ukutani alipigilia trei za mayai na mablanketi, mlangoni akasimamisha godoro, na bado honi iliingia. Basi akawa anarekodi saa ya chakula cha mchana. Kwaya nzima tunasimama kwenye joto lile, jasho linatiririka mpaka kwenye viatu, tunangoja achungulie hotelini arudi na kusema, "Wameanza kula." Hapo anainua mkono, na ole wako ukohoe.

Mimi nilikuwa naimba sauti ya kwanza. Siku ya kwanza alinitoa nje, ati napumua kwa kelele. Yesu na Maria, nilimchukia! Nilirudi nyumbani Moding nikimtukana njia nzima. Baadaye akanioa. Mpaka leo nikimuuliza kama bado napumua kwa kelele anajibu kwamba amezoea.

Watu walikuja kwake wakiwa wameiva. Wimbo uliimbwa kanisani, shambani, kisimani, mpaka watoto wanauweza, ndipo unapelekwa kwa Njia Nne. Hakukuwa na kusema tutarekebisha baadaye, kwa sababu hiyo baadaye haikuwepo. Ukisikiliza kaseti zile leo, na mikwaruzo yake yote, unasikia watu waliosimama pamoja na kuogopa pamoja. Nazikumbuka siku hizo na moyo unaniuma, sitaficha. Siku hizi, kwenye studio ya Vivianne, mtu anaingia hajui hata wimbo wenyewe. Anaimba mstari, anatoka kujibu simu, anarudi anaimba mwingine, kompyuta inaunga. Aliyeimba kombo ananyooshwa. Njia ni mia, mia mbili, hazijai. Waimbaji wawili wa wimbo mmoja wanaweza wasionane maisha yao yote.

Vivianne ni binti wa Funyula mwenye studio yake Burumba, kule Busia mjini. Namsema, lakini nampenda, na yeye ndiye aliyetuingiza katika mambo haya ninayotaka kueleza.

Kompyuta zilipofika, chumba cha Okwakol kilikufa polepole. Kwaya zikahamia mjini, wauza kaseti wakahamia kadi za simu, na mwenye hoteli akataka chumba chake aweke friji za soda. Sasa mzee wangu anatengeneza redio za watu. Mashine iko sebuleni, juu yake kitambaa nilichofuma mwenyewe. Mara kwa mara anaifunua, anaisugua vichwa vya kusomea utepe kwa pamba na spiriti, nyumba inanuka kama zahanati, halafu anaifunika tena. Simsemeshi wakati huo. Hata mimi kuna nguo za marehemu mama ninazozitoa sandukuni kuzinusa.

Katika kazi zake zote kulikuwa na moja aliyoipenda kupita zingine, na hiyo ndiyo iliyomtesa. Ni wimbo wa shemeji yake, Ikapel, mume wa dada yake Akiteng. Ikapel alipiga akogo, ile ala ya vyuma vyembamba juu ya ubao, unayoibonyeza kwa vidole gumba. Alipiga na kuimba, na harusi bila Ikapel, sisi Wateso tulisema ni kikao tu. Okwakol hakutaka honi ya lori iguse wimbo wa shemeji yake. Akafunga mashine kwenye baiskeli, akafunga na betri ya lori nyuma yake, akaenda kumrekodi kwao Moding, ndani ya ghala la zamani la pamba. Nyuzi za pamba zilikuwa zimeganda ukutani miaka na miaka, sauti ikitoka haigongi popote. Mimi nilikuwepo, nimo kati ya waitikiaji. Tulimaliza, akatusikilizisha palepale kwa hedfoni tukipokezana, Akiteng naye akasikiliza, akacheka akampiga mumewe bega.

Kabla kaseti hazijatoka, Ikapel akashikwa na homa ya ubongo. Hakumaliza wiki.

Kwenye matanga, Okwakol akaleta kaseti mpya, akaicheza kwenye spika akidhani anampa dada yake zawadi. Watu walilia. Akiteng alisimama katikati ya watu akasema, "Zima. Huyo si yeye." Tukamshika, tukampepea, tukasema ni uchungu. Lakini uchungu ulipungua na neno halikubadilika. Wimbo ukaenea Uganda na Kenya, akogo zote za huku zikawa zinarekebishwa vyuma zifuate sauti ya kaseti ile kwa sababu kwenye sherehe watu walitaka uwe vilevile kama kwenye kaseti, na bado Akiteng, redio ikiucheza, anaifunga.

Mzee wangu alikonda kwa jambo hilo. Wengine wote walimsifu, na sifa zao hazikumshibisha. "Mimi nilikuwepo, Amuge," alikuwa akiniambia. "Nilishika maiki kwa mkono huu. Itakuwaje si yeye? Dada yangu ananiona mwongo." Wakawa wanasalimiana kama watu wa foleni ya benki. Mtu na dada yake, tumbo moja!

Mwaka huu watoto wa Akiteng wakapanga misa ya kumbukumbu ya baba yao na kusimika msalaba wa saruji. Wakataka wimbo uchezwe siku hiyo. Mama yao akawaambia, "Uchezeni. Mimi nitakuwa nimeshahama." Na Akiteng si mtu wa kutisha bure. Watoto wakakimbilia kwa mjomba, mjomba akakimbilia kitandani, akalala akitazama ukuta. Siku ya pili akaniambia wazi kinachomsumbua. Yeye na dada yake wote ni wazee. Mmoja akitangulia kabla neno lile halijafutwa, atakayebaki atalibeba peke yake.

Tukaona labda ukisafishwa dada ataukubali, basi Vivianne akapewa kazi ya kuusafisha wimbo kwa ajili ya misa. Kwanza alitaka kuongeza kinanda na ngoma za kompyuta. Okwakol akafoka mpaka miwani ikaanguka. "Utampandishia Ikapel madude juu ya kichwa?"

"Basi mzee, tufanye nini?" Vivianne akamuuliza taratibu. "Njia ya akogo imechakaa, inasikika kwa mbali. Lazima tuirudie na akogo nyingine."

"Si nyingine. Yake mwenyewe. Iko kwa dada."

Nani wa kuifuata? Mimi, bila shaka. Mwanamume akigombana na nduguye, mguu ni wa mkewe.

Nilimkuta Akiteng anamenya mihogo uani. Hakuinua macho. "Karibu, wifi. Umekuja kwa hiari yako au umetumwa?"

"Nimetumwa."

"Afadhali mtu mkweli. Chukua kisu."

Nikachukua kisu, tukamenya. Nilipomweleza, alimaliza kwanza muhogo aliokuwa nao mkononi. Halafu akaingia ndani akatoka na akogo imefungwa kwenye kitenge. Ubao ulikuwa unang'aa. Akaniambia kila Krismasi huupaka mafuta ya simsim, na hakuna aliyeubonyeza tangu mwenyewe alipouweka chini.

"Itakuja," akasema, "lakini haitoki bila mimi. Nitaisindikiza, na nitakaa nje. Huko ndani sitaingia."

"Wifi," nikamwambia, "kwani wimbo ule umekukosea nini? Watu wanaulilia."

"Wanamlilia nani? Mtu yule simjui." Akaweka mkono ubavuni mwake. "Sauti ya Ikapel nilikuwa naisikia hapa. Akisema neno tukiwa tumelala, mbavu zangu zinatetemeka. Huyo wenu analia kama mbuzi aliyekosa mama yake. Mnaniambia nimechanganyikiwa? Mimi ndiye niliyelala naye, wala si ninyi."

Nilimaliza muhogo wangu nikaaga. Nilirudi nyumbani nimekasirika, na sikujua nimemkasirikia nani.

Asubuhi tuliyopanga, tulikutana Burumba. Mzee wangu aliipakata mashine kutoka Malaba hadi Busia, imefungwa blanketi kama mtoto anayepelekwa kliniki. Akiteng akatukabidhi akogo mlangoni, akakaa kwenye benchi nje na kutugeuzia mgongo. Alimsalimu kaka yake kwa kichwa tu.

Ndani, Vivianne akachomeka nyaya kutoka kwenye mashine hadi kwenye kompyuta. Kaseti ikazunguka, na kwenye kioo zikaanza kuchorwa njia nne, kila moja na vilima vyake. Akabonyeza, ngoma ikanyamaza. Akabonyeza tena, nasi waitikiaji tukanyamaza, na mimi na pumzi zangu. Akabaki Ikapel na akogo yake ya mbali.

"Mzee, umefanya kazi safi," Vivianne akasema. "Hii ni kaseti kweli? Hakuna pahali sauti imepasuka."

"Ghala la pamba," Okwakol akajibu, na nikaona amefurahi, ingawa alijifanya anakuna kidevu.

Kisha akaishika akogo. Ikapel ndiye aliyemfundisha, enzi za ujana wao. Vivianne akacheza wimbo, mzee akaingia, na Mungu wangu, meno yaliniuma. Sauti ya akogo iko chini, ya kaseti iko juu. Wakarudia. Vilevile.

"Imelala," Okwakol akasema. "Imekaa mno, vyuma vimeteleza. Dawa yake ni ndogo." Akatoa koleo mfukoni mwa koti, akagonga chuma cha kwanza.

Ilikuwa kama amegonga jino la Akiteng. Mlango ulifunguka ukagonga ukuta, mama mzima akaingia na kupokonya ile akogo. "Usiguse! Vyuma hivi aliviweka yeye, akavishika kwa nta yake. Hakuna kilichosogea. Mimi ndiye niliyevilinda, wewe ulikuwa wapi?"

"Dada, sikiliza mwenyewe, hazipatani na kaseti!"

"Basi kaseti yako ndiyo mbovu!"

Nikasema moyoni, leo tutatolewa na polisi. Lakini Vivianne alikuwa amekunja uso. Akamwomba Akiteng kwa heshima, "Mama, hebu nibonyezee kimoja kimoja. Wewe mwenyewe, tusikuguse." Akiteng akabonyeza kwa kidole kigumu, chuma baada ya chuma, naye Vivianne akilinganisha na kompyuta. Walipofika mwisho, binti akavua hedfoni.

"Hiki ulichogonga sasa hivi kimeyumba, mzee. Hivyo vingine vyote viko chini ya kaseti, lakini kwa kiasi kimoja. Kama vingeteleza, kila kimoja kingeteleza kivyake. Si ndiyo?"

Okwakol aliitazama akogo. Koleo lilikuwa bado mkononi. Nikamwona uso wake unabadilika, na mimi namjua uso huo, ndio wa kutafuta kasoro ndani ya redio.

"Ile betri," akasema polepole.

"Betri gani, mzee?"

"Ya lori. Niliiazima kwa watu wa disko. Walikuwa wameicheza wikendi nzima." Akakaa chini. "Taa ya mashine iliwaka, nikaona kazi iko sawa. Kumbe mota ilikuwa inajikokota."

Mimi nilimwomba aseme kwa lugha ya watu. Akanieleza kama anayezungumza na nafsi yake. Betri ikiwa hafifu, utepe unapita polepole wakati wa kurekodi. Tulipousikiliza kule ghalani ulikuwa bado unatembea kwa mwendo uleule, ndiyo maana Akiteng alicheka. Nyumbani Malaba aliuchomeka kwenye umeme wa nguvu, utepe ukakimbia, na unapokimbia sauti inapanda na kuwa nyembamba. "Nilisikia imechangamka," akasema. "Nikafurahi. Nikadhani ni uzuri wa ghala." Kisha watu wote wakalinganisha akogo zao na kosa lile, likakosa wa kulishuhudia. Ikabaki akogo ya marehemu peke yake, na mjane aliyeambiwa amechanganyikiwa na msiba.

"Ipunguze," akamwambia Vivianne. "Mpaka ikubaliane na vyuma vya dada."

Vivianne akashika kipanya. Mgala muue na haki yake mpe: kazi ambayo mashine ya mzee wangu ingeifanya kwa kubahatisha, kompyuta iliifanya kwa kuvuta mstari kidogo tu. Akiteng akabonyeza chuma, Vivianne akashusha, akabonyeza, akashusha, mpaka vyuma viwili, kilicho hai na cha kaseti, vikalia kama kimoja. Akazima njia zingine zote. Akaacha moja.

Kwanza ilikuja pumzi. Halafu Ikapel akaimba.

Nilishika kiti. Ilikuwa sauti nzito, pana, ya mtu mwenye kifua, inayoanzia chini kabisa na haina haraka. Na mimi nilimjua mtu huyu! Niliimba nyuma yake, nilikula harusini kwake, na kaseti ilikuwa imenisahaulisha. Machozi yalinitoka kwa hasira kuliko kwa huzuni. Miaka yote hiyo tulikuwa tunamlilia mgeni na kumpepea mwenye haki.

Aliimba kwa Kiteso, maneno ya utani, kama alivyozoea kutaja watu wake ndani ya wimbo: Akiteng, nimechelewa njiani, pombe ya wenyewe imenishika miguu, usinifungie mlango.

Okwakol alikuwa amevua kofia. "Dada," akaanza. "Dada, nisamehe. Ulisema, na sisi..."

"Nyamaza, Okwakol," Akiteng akasema. "Anaimba."

Alikuwa ameketi, akogo mapajani, kiganja ubavuni. Halii. Midomo yake ilikuwa inamjibu Ikapel maneno ambayo hatukuyasikia, na mara moja akatikisa kichwa kama mke anayekataa uongo wa mlevi. Kaka yake alisogea, akakaa sakafuni karibu na miguu yake, mzee mzima na magoti yake mabovu, na dada akamwekea mkono kichwani bila kumtazama.

Vivianne akaninong'oneza, "Mama, mimi sijaongeza kitu. Yote yalikuwa kwenye utepe wa mzee." Nikamwambia amwambie mwenyewe baadaye, aone atakavyoringa.

Ghafla Akiteng akainua mkono. "Simamisha."

Vivianne akasimamisha. Tukatazamana. Nikasema moyoni, basi, amekataa tena, na safari hii mzee wangu hataamka. Okwakol aliinua uso kutoka sakafuni, na sijawahi kumwona mtu anaogopa hivyo.

"Umebaki mwingi?" Akiteng akauliza.

"Umebaki kama nusu, mama," Vivianne akajibu. "Kuna kosa? Nirekebishe?"

"Hakuna kosa." Alikuwa anaifunga akogo kwenye kitenge, taratibu, ncha baada ya ncha. "Niwekee huo uliobaki. Nitakuja kesho niusikie kidogo, na kesho kutwa kidogo. Nimekaa sana bila mume wangu, binti yangu, siwezi kummaliza kwa siku moja."